Maswali ya Wasomaji: Kuhani Aliyevaa Joho la Zen

Katika toleo lililopita tulitaja kwa kupita tu kwamba Leonard Cohen, mwimbaji na mshairi wa Kanada, aliishi miaka kadhaa katika monasteri ya Wabuddha, na kwamba mafundisho ya huko yameingia katika mashairi ya nyimbo zake. Sentensi ile moja imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima iliyoibeba. Nimechagua saba, nikazifupisha bila kugusa kiini chake. Kwa wanaobisha kama Cohen ni mwanamuziki wa roki, wanaotunza heshima za muziki huo Marekani walimwingiza katika orodha yao mwaka 2008, nami sina hoja ya kuwapinga.

SWALI: Ndugu Mhariri, mjukuu wangu alifunga ndoa hivi karibuni, kwaya ikaimba "Hallelujah" ya huyo Cohen kwa Kiingereza, na nusu ya kanisa ikafuta machozi. Leo ninasoma kwenu kwamba alikuwa mtawa wa Kibuddha. Je, tuliimba wimbo wa dini gani? Na bwana huyo aliihama dini yake, au hakuihama? (Mwalimu mstaafu, Tanga)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu, na hongera kwa harusi ya mjukuu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalofungua mengine: hakuihama. Cohen alizaliwa Westmount, Montreal, tarehe 21 Septemba 1934, katika familia ya Kiyahudi iliyoishika dini. Babu yake mzaa mama alikuwa rabi na mwanachuoni wa Talmud, mkusanyiko wa sheria na mapokeo ya Kiyahudi, na jina lenyewe la ukoo ni neno la Kiebrania ambalo ndugu yake wa Kiarabu ndiye aliyetupa sisi neno "kuhani". Kwa mapokeo yao, wenye jina hilo huhesabiwa kuwa uzao wa Haruni, na Cohen hakulichukulia jambo hilo kama pambo. Mwezi Septemba 2009, alipokuwa akimalizia onyesho katika uwanja wa Ramat Gan, jirani na Tel Aviv, aliinua mikono na kuwatamkia watu kwa Kiebrania baraka ya makuhani, ile ya Hesabu sura ya 6, ambayo huenda mchungaji wenu aliisoma siku hiyo hiyo ya harusi.

Ubuddha aliukuta kwa njia ya mtu, si ya kitabu. Miaka ya 1970 ilipoanza alikuwa amekwisha kumfahamu Kyozan Joshu Sasaki, mtawa wa Kijapani wa tapo la Rinzai, mojawapo ya matapo ya Zen, yaani Ubuddha unaotilia mkazo kukaa kimya na kutafakari, aliyefika Los Angeles mwaka 1962 na miaka tisa baadaye akaanzisha kituo cha Mount Baldy katika milima ya San Gabriel, mahali palipokuwa kambi ya maskauti, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa zaidi ya miaka ishirini Cohen alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Kisha, baada ya ziara yake ya muziki ya mwaka 1993, akapanda mlimani na kukaa hadi 1999. Aliamka usiku wa manane kama wengine, akakaa kimya katika ukumbi wa baridi, akampikia mzee wake na kumwendesha gari. Mwaka 1996 alitawazwa kuwa mtawa na kupewa jina Jikan, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa "kimya", jina ambalo kwa mtu anayeishi kwa kuimba lina utani ndani yake.

Aliulizwa mara nyingi swali lako, Mwalimu. Mwaka 2009 alilijibu kwa kusema kwamba katika Zen aliyoifuata hakuna mungu anayekiriwa wala ibada ya kumwomba, na kwa sababu hiyo hakuona mahali inapogongana na imani yake. Aliishika Sabato hata akiwa ziarani. Alipofariki mwezi Novemba 2016 alizikwa Montreal kwa taratibu za Kiyahudi, karibu na wazazi wake.

Ama "Hallelujah", iliyotoka mwaka 1984, imejengwa kwa Daudi na kinubi chake, mwanamke anayeoga akionekana kutoka darini, na nywele za Samsoni zilizokatwa. Mliimba, basi, wimbo wenye maneno ya Biblia ambao haukuandikwa kwa ajili ya ibada. Ningekuwa mkuu wa kwaya, ningewapa maharusi tafsiri ya beti zote mapema, maana ubeti wa pili umetoka 2 Samweli 11, sura ya Daudi kuzini na mke wa mtu, ambayo sijaisikia ikisomwa katika harusi yoyote.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Watu husema "nyimbo zake zina roho ya Zen" bila kuonyesha chochote. Naomba uonyeshe ubeti, si roho. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Una haki, na mahali pa kuanzia ni wimbo ambao wengi hawaujui, "Ballad of the Absent Mare", uliofunga albamu ya mwaka 1979 iitwayo *Recent Songs*. Kwenye jalada Cohen alimshukuru Sasaki kwa kumfafanulia andiko la kale la Kichina ambalo juu yake aliujenga wimbo huo. Andiko lenyewe ni Picha Kumi za Mchunga Ng'ombe, ambazo umbo lake mashuhuri lilitungwa katika karne ya 12 na mtawa wa Kichina Kuoan Shiyuan, kila picha ikiwa na shairi fupi. Mtu amepoteza ng'ombe. Anamtafuta porini, anaona nyayo, anamwona mnyama mwenyewe, anamkamata, anamfunza, anampanda na kurudi nyumbani akipiga filimbi. Katika picha ya saba ng'ombe amesahauliwa, amebaki mtu peke yake. Katika ya nane hayupo ng'ombe wala mtu, pamechorwa duara tupu. Ya tisa ni mto na miti vikiwa kama vilivyo. Na ya kumi inamwonyesha mtu yule akiingia sokoni, kifua wazi, miguu mitupu, akicheka na watu. Ng'ombe ni akili, au nafsi ya kweli ambayo mtu huizungukia dunia nzima akiitafuta.

Cohen alimgeuza ng'ombe kuwa farasi jike, na mchungaji akawa mchunga ng'ombe wa Magharibi ya Marekani. Mto umefurika, njia zimezama, nyenje wanamuumiza moyo kwa kelele zao. Usiku na mchana anafuata nyayo, ilhali farasi anakula majani hatua chache tu kutoka pale alipo, na kinachomzuia kumwona ni kwamba amezama katika kulinganisha majeraha yake mwenyewe na adhabu anayomtakia mnyama. Hiyo ni Zen kamili bila neno moja la Zen: kinachotafutwa hakikupotea, anayetafuta ndiye aliyejaa mwenyewe. Halafu ghafla ndege anaimba juu ya mti, jua ni la joto, upepo ni mwanana, mierebi iko kando ya mto. Weka shairi la tatu la Kuoan mbele yako na utaona kwamba hapo Cohen hakuathiriwa tu, alikuwa karibu anatafsiri. Baadaye mpanda farasi na farasi wanageuka kwa pamoja kuelekea uwandani, pasipo mjeledi wala hatamu, na mwisho wake wote wawili wanatoweka kama moshi, na wimbo unatoweka pamoja nao. Lile duara tupu limepatikana.

Lakini tazama jambo moja ambalo kwangu ndilo ufunguo wa mtunzi huyu. Pale mchungaji anapoegemea shingo ya farasi na kumnong'oneza, katika kilele cha wimbo wake wa Kibuddha kuliko nyimbo zake zote, maneno anayotamka ni ya Ruthu kwa mkwewe Naomi: "Wewe uendako nitakwenda." Umbo limetoka China na Japani, kinywa ni cha Biblia. Ukifungua nyimbo zake ukitafuta maneno Buddha na nirvana, yaani hali ya kuwekwa huru na mateso, utachoka bure, kwa sababu Zen kwake ni namna ya kuangalia kitu, na anapotaka kusema alichokiona hurudi kwenye lugha aliyolelewa nayo katika sinagogi.

Mfano wa pili ni "Love Itself", wa albamu ya *Ten New Songs* ya mwaka 2001, aliyoitunga pamoja na Sharon Robinson baada ya kushuka mlimani. Huu nao ulitokana na mawaidha ya Sasaki. Kila aliyelelewa katika nyumba ya bati ameshauona: jua la saa nne linapenya kwenye tundu la msumari, mwale unashuka hadi sakafuni kama fimbo, na ndani yake vumbi linacheza, vumbi ambalo lilikuwamo humo siku zote na hakuna aliyeliona. Cohen yumo chumbani mwake, nuru inaingia dirishani, na katika vumbi hilo anamwona yule Asiye na Jina akifinyanga jina la mtu kama yeye. Hapo soma polepole. Ubuddha unafundisha kwamba kile tunachokiita "mimi" ni mkusanyiko wa vitu vinavyopita, uliokutana kwa muda na kupewa jina, na vumbi katika mwale ni picha ya hilo iliyo sahihi kuliko maelezo yoyote ya kitabuni. Ila mwenye kusoma Mwanzo 2:7 anajua ni wapi tena mtu alifanywa kwa mavumbi. Maana zote mbili zimekaa katika mstari mmoja, wala hazisukumani.

Wimbo unaendelea hadi vumbi na mwimbaji havitofautiki tena, kisha upendo wenyewe unaondoka, na mlango unabaki wazi. Sasaki alipenda kufundisha kwa kutumia neno sifuri, yaani hali ambayo mimi na wewe hatujatengana bado. Kwa Mswahili hapa pana zawadi ndogo: katika Kisanskriti neno *śūnya* lilimaanisha "tupu" na pia sifuri, na ndilo mzizi wa utupu wanaoufundisha Wabuddha, Waarabu walipoipokea hesabu ya Kihindi wakalifasiri kwa *sifr*, lenye maana hiyo hiyo, na kutoka kwao sisi tukapata sifuri. Neno la Sasaki tunalo darasani tangu darasa la kwanza.

SWALI: Kuna hekalu la Wabuddha hapa Upanga. Watawa niliowaona huvaa nguo za rangi ya machungwa na nimeambiwa hawali baada ya adhuhuri. Huyo Cohen nimesoma kwamba alikunywa pombe na mwalimu wake na akazunguka dunia akiimba. Ni watawa wa dini moja kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Ni dini moja yenye nyumba nyingi, ndugu yangu, na umeziona mbili zilizo mbali sana. Hekalu la Upanga lilianzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka, na Sri Lanka ni nchi ya Theravada, tapo linaloshika kanuni za watawa za zamani kwa ukali: hawali baada ya jua kupita utosini, hawagusi kileo, hawaoi. Katika kanuni hizo mnatajwa hata kujiepusha na ngoma, nyimbo na muziki, kwa hiyo mtawa wa Upanga asingeweza kufanya kazi ya Cohen hata kama angekuwa na sauti ya kumshinda.

Zen ya Japani ilikwenda njia nyingine. Huko watawa huvaa joho jeusi wanapotafakari, wengi wao huoa, na kileo hakimwondolei mtu cheo chake. Cohen mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi yeye na Sasaki walivyokaa jioni na chupa mezani. Tofauti hii inagusa nyimbo moja kwa moja. Mashairi yake yamejaa mwili, tamaa, wivu na vitanda vya hoteli, na baadhi ya wachambuzi wanaona aibu kuyaunganisha hayo na monasteri, kana kwamba mambo ya kiroho yako upande mmoja wa nyumba na mengine upande wa pili. Alichojifunza kwa mzee wake ni kuitazama tamaa bila kuikimbia na bila kuipamba. Mtawa wa Theravada angekuambia kwamba ni njia ya hatari, na mimi nisingembishia.

SWALI: Je, bendi ya Nirvana walikuwa Wabuddha? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: La. Bendi hiyo ya roki ilianzia Aberdeen, katika jimbo la Washington, mwaka 1987, na Kurt Cobain alilichagua jina hilo kwa sababu alitaka neno lenye kupendeza, tofauti na majina ya kutisha yaliyopendwa na bendi za mtindo wao. Mashairi yao yana maumivu mengi, lakini maumivu peke yake si Ubuddha.

SWALI: Hapa Montreal, ninakoishi na familia yangu tangu tuondoke Bujumbura, maneno ya Cohen kuhusu ufa unaopitisha nuru yako kwenye vikombe, kwenye kadi za pole, hata kwenye ukuta wa kliniki. Jirani yangu anasema ni fundisho la Zen, kama vile Wajapani wanavyounga vyungu kwa dhahabu. Ni kweli? (Msomaji, Montreal)

JIBU: Dada yangu, jirani yako amechanganya vitu vitatu, na kila kimoja ni kizuri kikikaa mahali pake. Maneno hayo yametoka katika "Anthem", wimbo wa albamu ya *The Future* ya mwaka 1992, ambao Cohen aliuhangaikia kwa takriban miaka kumi. Anasema tupige kengele ambazo bado zinalia, tusahau kutoa sadaka iliyo kamilifu, maana kila kitu kina ufa na nuru huingilia hapo.

Kuunga chombo kilichovunjika kwa utomvu na unga wa dhahabu ni ufundi wa Kijapani uitwao *kintsugi*. Hapo chombo kinatengenezwa na ufa unazibwa. Cohen hazibi kitu. Kinachokaribiana zaidi na mstari wake ni fundisho la Isaac Luria, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefundisha Safed, Galilaya, katika karne ya 16: kwamba wakati wa kuumba, vyombo vilivyowekewa nuru ya Mungu havikuweza kuibeba vikapasuka, na cheche zake zikatawanyika humu ulimwenguni tunamoishi. Kwa Luria nuru inatoka pale chombo kinapopasuka. Cohen aliugeuza mwelekeo, nuru ikawa inaingia. Neno "sadaka" nalo ni neno la hekaluni, la mjukuu wa Haruni anayejua kwamba kwa mujibu wa Torati mnyama mwenye kilema hakubaliki madhabahuni.

Zen imo, lakini si katika ufa. Imo katika agizo la kuacha kungoja ukamilifu na kufanya kilicho mbele yako: kengele hii, inayolia leo. Wanaoupenda wimbo huu kwenye vikombe hukata kipande cha kengele na kubakiza cha ufa. Ningekata kinyume chake.

SWALI: Mhariri, kwa heshima, haya si mitindo tu ya matajiri wa Magharibi? Leo Buddha, kesho yoga. Tena nimesoma kwamba huyo mwalimu wa Cohen alikuwa na kashfa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mengi yalikuwa mitindo. Mwaka 1966 John Lennon wa The Beatles alitunga "Tomorrow Never Knows", na maneno yake ya mwanzo aliyachukua katika kitabu cha 1964 ambamo Wamarekani watatu walilifanya andiko la Tibet la kuwasomea wafu kuwa mwongozo wa watumiaji wa LSD, dawa ya kulevya inayoleta maono. Wimbo ni wa ajabu kimuziki, lakini fundisho lililotungwa ili kumwongoza anayekufa kutumiwa na kijana mwenye afya, aliyelala kwenye kochi, ni jambo ambalo lama yeyote, yaani mwalimu wa dini wa Kitibeti, angelitikisia kichwa.

Adam Yauch wa kundi la rap la Beastie Boys alikuwa mtu wa namna nyingine. Kundi lake lilianza kwa nyimbo za ulevi na utovu wa adabu, kisha mwaka 1994, katika albamu ya *Ill Communication*, akatoa "Bodhisattva Vow", wimbo uliojengwa juu ya nadhiri ya yule anayekataa kujiokoa peke yake mpaka viumbe wote wametoka katika mateso. Ndani yake zimo sauti za watawa wa Tibet wakighani. Yauch aliona haifai kuchukua sauti za watu na kutia pesa mfukoni, akaanzisha mfuko wa Milarepa ili mapato yawarudie Watibeti, na mwezi Juni 1996 mfuko huo ukaandaa tamasha la siku mbili San Francisco lililohudhuriwa na watu wapatao 100,000. Alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 47. Kama shairi, wimbo wake una uzito mdogo kuliko wa Cohen, kwa kuwa unatangaza fundisho badala ya kulionyesha, ila huwezi kumwambia aliyetoa pesa zake kwamba alifuata mtindo.

Kuhusu Sasaki, ulichosoma kipo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2012 ilielezwa hadharani kwamba kwa miaka mingi aliwadhalilisha wanafunzi wake wa kike kijinsia, na walimu wenzake wa Zen wakakusanya ushuhuda wao. Alifariki Julai 2014 akiwa na umri wa miaka 107. Cohen alimpenda hadi mwisho. Wimbo wa vumbi na mwale bado ninausikiliza, na tangu nisome shuhuda zile ninausikiliza kwa masikio mengine, hasa ule mlango uliobaki wazi. Sioni sababu ya kumficha msomaji lolote kati ya hayo mawili.

SWALI: Sisi ni bendi ndogo. Tumeupenda ule wimbo wa farasi aliyepotea uliowahi kutuchezea rafiki yetu, na tunataka kuuimba kwa Kiswahili. Lakini "farasi jike" haikai kwenye mdundo, na huku kwetu nani amempoteza farasi? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Swali hili nimelipenda kuliko yote, vijana wangu. Farasi aliingizwa na Cohen kwa ajili ya wasikilizaji wake waliokulia kwenye sinema za wachunga ng'ombe. Katika michoro ya Kichina mnyama alikuwa ng'ombe tangu mwanzo. Mkimweka ng'ombe mtakuwa mmemrudisha kwao. Ila Cohen alitaka jike, kwa kuwa wimbo huo ni wa mapenzi pia, na "ng'ombe" peke yake haimtaji jike wala dume. Jaribuni "mtamba": silabi tatu, jike ambaye hajazaa bado, mkaidi, na kila mfugaji anajua maana ya kumtafuta mtamba jioni mvua ikiwa imefuta nyayo.

Mjeledi na hatamu havitafaa tena. Wekeni fimbo na kamba. Mierebi waachieni Wachina, kando ya Malagarasi mna miti yenu. Nyenje wabaki, ndege abaki, na ndege aimbe ghafla, kabla msikilizaji hajajiandaa, maana pale ndipo mchungaji anapoacha kujifikiria. Mkifika kwenye mnong'ono msitafsiri upya. Ruthu 1:16 mnayo katika Biblia ya Kiswahili, "wewe uendako nitakwenda", na bibi zenu wataitambua kabla hamjamaliza kuitamka.

Kabla ya yote hayo, mwandikieni mwenye haki za wimbo kuomba ruhusa ya kutafsiri. Tafsiri ya wimbo ulio na mwenyewe huhitaji idhini hata kama mnaimba mtaani kwenu, na ni heri kulijua hilo sasa kuliko siku redio itakapoupiga.